Firigisi ya Mshenga

Tangu majirani zetu wa hapa mtaa wa Forest, Mbeya, wapate habari kwamba jikoni mwetu imo mashine inayokata, kusaga, kupima, kukanda, kukoroga na kupika ndani ya jagi moja, hawaishi kuniuliza kama chombo hicho kina thamani ya fedha zake, nami huwajibu kwa kuwasimulia habari ya firigisi, kwa sababu bei peke yake haimwambii mtu kitu.

Hata hivyo, bei yenyewe niitaje. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayefanya kazi Ujerumani, aliinunua huko kwa zaidi ya euro 1,400, ambazo kwa fedha zetu ni kama shilingi milioni nne. Baba mkwe, ambaye kila kitu hukikadiria kwa ng'ombe, aliposikia kiasi hicho alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mashine hiyo inazaa.

Shemeji aliileta mwenyewe hadi uwanja wa ndege wa Songwe, akatufundisha matumizi yake jioni moja, akaondoka. Umeme wa kule ni wa volti 230 kama wa kwetu, kwa hiyo hapo hapakuwa na hofu, ila plagi yake ina vijiti viwili vya mviringo, ilhali soketi zetu, kwa urithi wa Waingereza, zina matundu matatu ya pembe nne. Nilikwenda Mwanjelwa nikanunua adapta ya shilingi elfu mbili, na kuanzia siku ile mashine ya mamilioni ikawa inapata uhai wake kwa hisani ya adapta ya elfu mbili.

Ni haki niseme kwamba kwa kazi fulani mashine ile haina mpinzani. Karanga za kuunga kwenye mboga, ambazo zamani zilimtoa mke wangu jasho kwenye kinu, sasa husagika kabla hajamaliza kuifunga kanga vizuri kiunoni. Unga wa chapati hukandwa ukawa laini, na uji wa ulezi hautoki na hata donge moja. Ugali, kwa upande mwingine, uliishinda kabisa. Ilikoroga vizuri ulipokuwa bado uji, lakini unga ulipoongezwa na ugali ukaanza kushika, mota ililia kwa sauti ya huzuni, kisu kikasimama, na maandishi mekundu yakatokea kwenye skrini kututaka tupunguze mzigo. Mama mkwe, ambaye husonga ugali wa watu wa msibani kwa mikono yake miwili, aliyatazama maandishi hayo akaomba atafsiriwe. Alipotafsiriwa alisema, "Basi ipeni likizo."

Hiyo ndiyo hali iliyokuwepo washenga walipoleta taarifa kwamba watapanda kutoka Kyela kuja kuzungumza mahari ya binti yetu Tumpe.

Katika nyumba nyingi za kwetu mgeni mkubwa huwekewa firigisi. Anaweza kula nyama yote ya kuku na mchele wote wa sinia, lakini kama firigisi haikumfikia, ataondoka akijiuliza ni nani aliyeheshimiwa kuliko yeye. Mke wangu alikuwa amefuga jogoo mmoja mahsusi kwa ajili ya siku hiyo. Kwa kuwa jagi la mashine lilikuwa la lita mbili na kidogo, na wageni walikuwa ukoo, iliamuliwa kwamba wali, ndizi za Tukuyu na maharage vipikwe uani kwa kuni chini ya usimamizi wa mama mkwe, halafu jogoo wa mshenga, pamoja na firigisi yake, apikwe na mashine, ili wageni waone kwamba binti wanayemchumbia ametoka katika nyumba iliyoendelea.

Mtoto wa dada yangu, ambaye anasomea kompyuta chuoni na kwa sababu hiyo huaminiwa kwa kila kitu chenye skrini, ndiye aliyekabidhiwa uongozi. Alifuata maelekezo hatua kwa hatua: akatia vitunguu, nyanya, tangawizi, jogoo na maji, akachagua kisu kizunguke kinyume ili upande butu uikoroge nyama bila kuikata, akafunga mfuniko. Mashine ikajikaza mfuniko kwa mikono yake yenyewe ya chuma, ikatangaza kwamba itachemsha hadi nyuzijoto 100, na kwamba dakika za pishi zitaanza kuhesabiwa joto hilo likifikiwa.

Joto likapanda vizuri hadi 94, likasimama. Mvuke ulitoka, mchuzi ulisikika ukitokota kama mchuzi mwingine wowote, harufu ikafika barabarani, lakini skrini iliendelea kuandika 94 na kutuomba tusubiri. Washenga waliingia, wakasalimiwa, wakaketishwa, wakapewa soda. Bado 94. Mke wangu alichungulia sebuleni, akanifanyia ishara ya macho ambayo baada ya miaka mingi ya ndoa naielewa kuliko barua.

Vyakula vya mama mkwe vilikuwa tayari zamani, lakini hakuna aliyethubutu kumwekea mshenga meza isiyo na firigisi. Mmoja wa wageni, baba mdogo wa bwana harusi, ambaye ni mwalimu wa fizikia, alisikia mabishano ya jikoni akaomba ruhusa ya kuingia. Aliitazama skrini, akacheka, akatutolea somo tukiwa tumesimama. Alisema kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 pale tu yanapokuwa usawa wa bahari, na kwamba kila unapopanda kama mita 300 hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema kwa karibu nyuzi moja. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700. Kwa hiyo, alisema, maji ya hapa yakishafika 94 yamemaliza safari yake, na hata tukiyachochea mpaka Pasaka yatageuka mvuke lakini hayatafika 100.

"Kwa hiyo mashine inasubiri nini, mwalimu?" aliuliza mke wangu.

"Inasubiri mhamie Dar es Salaam, mama."

Aliongeza, na hili nawaeleza wote wanaoniuliza habari za ununuzi, kwamba kwa watu wa nyanda za juu chombo cha maana ni sufuria ya presha, kwa kuwa mvuke unaobanwa ndani yake hupandisha joto kupita nyuzi 110, na ndiyo maana maharage yanayomaliza gunia la mkaa huivia humo kwa muda mfupi. Sufuria hiyo, hata ile ya umeme, haifiki sehemu ya kumi ya bei ya mashine yetu. Nilimsikiliza kwa heshima huku nikiomba mke wangu asizungumze na kaka yake kwa simu jioni hiyo.

Tukakubaliana kwamba nyama imekwisha kuiva na mashine izimwe. Kijana alinyoosha kidole kuelekea kitufe. Kabla hajakifikia, umeme ulikatika.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mikono ile ya chuma inayoshika mfuniko huendeshwa kwa umeme. Pasipo umeme haifungi, wala haifungui. Tulivuta, tukasukuma, tukabembeleza. Baba mkwe alipendekeza patasi, lakini mke wangu akamkumbusha kwa adabu idadi ya ng'ombe walioko pale mezani, naye akairudisha. Jogoo alikuwepo, ameiva, ananukia, na hakuna mwanadamu aliyeweza kumfikia.

Ikabidi mshenga aelezwe. Nilitumia maneno mengi ya mzunguko, nikitaja teknolojia, mwinuko na Wajerumani, naye mzee alisikiliza mpaka mwisho akauliza kwa upole, "Baba Tumpe, kwa hiyo firigisi ipo, lakini imefungwa?" Nikasema ndivyo. Akasema basi kikao kianze, yeye ataisubiri.

Tulikuwa tumeshamaliza kifungua mdomo na mkaja wa mama, na tulikuwa kwenye blanketi la bibi, umeme uliporudi. Mashine iliamka kwa kengele. Kijana alikimbia jikoni na, kwa kuwa skrini ilikuwa imesahau yote yaliyotangulia, alibonyeza kuanza upya ili baadaye azime na mfuniko ufunguke. Lakini pamoja na mengine yote mashine ilikuwa imesahau pia kwamba kisu kilitakiwa kuzunguka kinyume. Sebuleni tulisikia mngurumo wa sekunde chache tu, wa mifupa, kisha kimya, kisha mlio wa mfuniko ukifunguka kwa ustaarabu mkubwa.

Mama mkwe aliinama juu ya jagi, akachota kijiko kimoja, akakigeuzageuza. "Huyu kuku," alisema, "ameliwa na nani kabla yetu?"

Mshenga aliletewa bakuli ili ajionee. Wanaojua mazungumzo ya mahari wanafahamu kwamba faini hutozwa upande wa mwanamume: wamechelewa, faini, wamekaa kabla ya kukaribishwa, faini. Mzee yule alisimama, akatamka kwamba katika umri wake wote wa ushenga hajapata kuona firigisi ikisagwa mbele ya mwenyewe, na kwamba kwa mara ya kwanza faini itatozwa upande wa binti. Wazee wetu walitoka nje kushauriana, wakarudi wakakubali. Alipoulizwa anataka nini, alisema mashine yenyewe imfuate bibi harusi Kyela.

Mke wangu, aliyekuwa amekaa kimya kwa mujibu wa mila, alisema kutoka mlangoni kwamba mashine haiondoki, kwa maana karanga hatazitwanga yeye. Mwalimu wa fizikia aliingilia kati kuwatuliza, akafafanua kwamba Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mwinuko wa kama mita 500 tu, hivyo maji huko huchemka kwa nyuzi 98 na ushei.

"Yaani hata kwetu haifiki mia?" aliuliza mshenga.

"Haifiki, mzee."

Mshenga alifikiri, akaondoa dai lake. Faini ikabadilishwa ikawa jogoo mmoja aliye hai, firigisi yake ikiwa bado tumboni mwake, na jioni hiyo alishuka Kyela amefungwa miguu, amepakatwa na mwalimu wa fizikia.