"Two O'Clock" Si Saa Mbili

Mgeni wa Milano anaulizia chumba Malindi: usiku nne, watu wawili, bei gani? Jibu analopata mara nyingi huanza hivi: "We acknowledge receipt of your esteemed email and hope it finds you well." Sentensi tatu mbele bado hajaambiwa bei. Aliyeandika si mjinga wa Kiingereza. Ameandika kwa adabu ya Kiswahili, ambayo hutanguliza maamkizi na kujuliana hali, kisha ndiyo haja. Ukipita barazani Lamu ukaanza na haja, huna malezi. Katika barua ya biashara ya Kiingereza, adabu ni kumjibu mtu alichouliza.

Jibu likae juu kabisa: "Thank you for your email. Yes, we have a double room from 12 to 16 August, at KES 9,000 per night for two people, breakfast included." Hiyo "thank you" inatosha kuwa salamu. "Per night" na "for two people" zisiachwe hata kidogo, maana ugomvi wa mapokezi huanzia hapo: mgeni alidhani bei ni ya chumba, mwenye nyumba alikusudia ya kila kichwa.

Saa ndizo zinazotuumbua zaidi. Tunahesabu tangu jua lichomoze, kwa hiyo saa mbili asubuhi inageuka "two o'clock" mkononi mwa anayefikiri Kiswahili na kuandika Kiingereza. Mgeni anatokea gatini saa nane mchana, na mashua ya kwenda kisiwa cha Pate ilishaondoka maji yakiwa yamejaa, kwani mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakitoka. Andika 08:00, usiandike "two" wala "eight". Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6: saa nane mchana ni 14:00. Usiku hadi alfajiri ongeza 18, na zikifika 24 au kuzidi, toa 24: saa tisa usiku ni 03:00. Siku nazo zina mtego. Kwetu anayesema usiku wa Ijumaa huenda amekusudia Alhamisi kuamkia Ijumaa. Mzungu hawezi kulijua hilo. Taja tarehe, na mwezi uuandike kwa herufi, kwani 3/4 ni Aprili kwa Mwingereza na Machi kwa Mmarekani.

Malindi ina mtego wake, nao ni Kiitaliano. Kwa Waitaliano, ambao ni wageni wake wengi, nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali, kinyume cha tulivyofundishwa. Mtaliano akiandika 12.500 amekusudia elfu kumi na mbili na mia tano. Kwenye hesabu kubwa rudia kiasi kwa maneno. Majina pia: Andrea, Nicola na Simone ni wanaume Italia. "Dear Mrs Andrea" ina makosa mawili, kwa kuwa "Mr" na "Mrs" hufuatwa na jina la ukoo, si kama "Bwana Ali" au "Bi Fatuma" yetu. Kiswahili chenyewe hakibagui, "yeye" ni wote, ndiyo maana "he" na "she" hutuponyoka. Ukiwa na shaka andika majina yote mawili bila cheo: "Dear Andrea Rossi".

Sasa kuomba. "Naomba unitumie arbuni" ni maneno mazuri, lakini "I beg you to send" ni kilio na "Send the deposit" ni amri. Kiingereza huweka unyenyekevu kwenye kitenzi: "Could you please send the 30% deposit by 5 July?" Kutaja siku hakuvunji heshima. Sisi tunaona haya kumtajia mtu siku ya kulipa, tunaandika "at your earliest convenience", naye anasoma kwamba hakuna haraka. Kuhusu "kindly", ofisi za Kenya zinaipenda mno. Waingereza wengi huisikia kama karipio lililopakwa sukari. "Please revert" iachwe kabisa. "Revert" kwao ni kurudia hali ya zamani. Unachotaka ni "reply".

Pole na samahani ni vitu viwili, ila Kiingereza kinavibeba vyote kwa "sorry". Ndege ya mgeni ikichelewa: "I am sorry to hear that your flight was delayed." Hapo umempa pole. Ukimpangia chumba alichokwisha kupewa mwingine: "We apologise for our mistake", na sentensi hiyohiyo iseme umemtafutia nini badala yake.

Inshallah haina haja ya kugeuzwa "we will try", ambayo husikika kama kukataa kwa mlango wa nyuma. Taja kinachosubiriwa: "The trip depends on the tide. I will confirm by 18:00 on Friday 13 August."

Kisarufi, makosa yanayojirudia ni machache: "luggage", "information", "furniture" na "advice" hazipokei s ya wingi, "discuss" haifuatwi na "about". Mwisho wa barua, "Dear Sir or Madam" hufungwa kwa "Yours faithfully", jina likitajwa ni "Yours sincerely", na barua pepe za kawaida "Kind regards" inatosha. Kwa anayeshukia uwanja wa ndege wa Lamu, ulio kisiwani Manda, ongeza mstari mmoja kwamba atapokewa kwa boti, la sivyo atatafuta teksi.