Farasi mweusi na bei ya kibaba: mbona tunamruka?

Kila dunia ikitikisika, farasi wanne wa Ufunuo 6, wale Yohana anaowaona kwenye maono, mweupe, mwekundu, mweusi na wa kijivujivu, wanatolewa zizini. 2020 korona ilipoingia huku nzige wakiendelea kumaliza mashamba Kenya na Uganda, ilikuwa ni wao. 2022 Urusi ikavamia Ukraine, unga wa ngano ukapanda, maandazi yakawa madogo kwa bei ileile, ikawa ni wao tena. Na karibu kila mara mahubiri yanaishia kwa farasi mmoja tu, yule mweupe, tunabishana saa nzima aliyempanda ni nani, halafu dakika tano za mwisho mhubiri anawapitia wale watatu kama mtu anayewahi daladala.

Sasa kambi ziko nyingi ila tukibana tunabaki na mbili. Ya kwanza inasema farasi hawajatoka bado, watatoka baada ya unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa mbinguni, kwenye ile miaka saba ya dhiki kuu, na aliyepanda mweupe ni mpinga Kristo anayekuja kama mtu wa amani. Hii ndo tumelelewa nayo wengi, hasa makanisa ya kilokole, na mpangilio wake ulisambazwa sana na John Nelson Darby karne ya 19, halafu Biblia ya Scofield ya 1909. Kambi ya pili inasema farasi walishakuwa barabarani Yohana akiwa kisiwani Patmo, yaani anaongelea vita, njaa na tauni ambazo wasikilizaji wake walikuwa wanazijua kwa majina. Wasabato wana njia yao ya katikati, wanaigawa mihuri ya kile kitabu (farasi wanatoka minne ya kwanza ikifunguliwa, wa tano ni waliouawa kwa ajili ya imani) kwenye vipindi vya historia ya kanisa kuanzia mitume, ila hiyo leo naiweka pembeni maana ni mjadala mwingine kabisa.

Mi nipo kambi ya pili, nisijifiche. Lakini kambi ya kwanza sio wajinga kama wanavyochorwa. Wana Ufunuo 4:1, "mambo ambayo hayana budi kuwako baada ya hayo", na wana Mathayo 24 ambako Yesu mwenyewe anaanza na wanaokuja kwa jina lake kudanganya, halafu vita, halafu njaa, halafu wanafunzi wanauawa. Ukiiweka hiyo pembeni ya mihuri mitano ya kwanza inafuatana vizuri mno, na ukiisoma hivyo mdanganyifu anaangukia palepale kwenye farasi mweupe. Hiyo hoja ina uzito. Sisi nasi tunashika Ufunuo 1:1, mambo ambayo "hayana budi kuwako upesi", kwahiyo kwenye kurushiana mistari ni sare.

Ninapowaacha ni kwenye ushahidi wanaouongezea juu. Eti wa farasi mweupe ana uta lakini mishale haijatajwa, kwahiyo anashinda kwa diplomasia. Jamani, ukisema askari kapita na bunduki unamalizia "na risasi"? Uta ni uta. Na mtu wa Asia Ndogo (Uturuki ya leo) miaka ile akisikia mpanda farasi mwenye uta hapati shida, anawaza Waparthi, majirani wa mashariki waliokuwa wanapigana juu ya farasi kwa mishale, waliompiga jemadari wa Roma, Crassus, pale Carrhae mwaka 53 kabla ya Kristo, na mwaka 62 baada ya Kristo wakalilazimisha jeshi la Roma lisalimu amri kule Armenia. Roma haikuwa na adui anayeitia hofu zaidi ya huyo.

Tena walioandika mapema walimwona tofauti kabisa. Askofu Irenaeo, kama mwaka 180, anasema huyu wa farasi mweupe ni Kristo. Askofu Victorino wa Pettau naye, aliyeuawa mwanzoni mwa karne ya nne, anasema ni neno la injili linalotoka kwenda duniani. Walikuwa wanasoma sura ya 6 pamoja na ya 19 ambako farasi mweupe anarudi na safari hii hakuna ubishi aliyempanda ni nani. Mi siwafuati hapo, maana wa sura ya 6 anapewa taji moja na wa sura ya 19 ana "vilemba vingi", na kwa Kigiriki hayo ni maneno mawili tofauti, lakini inaonyesha kwamba hili la mpinga Kristo sio kitu ambacho kanisa lilikijua tangu mwanzo likasahau.

Za rangi ndo usiniambie. Kuna klipu zinazunguka, mweupe ni Wakatoliki, mwekundu ukomunisti, mweusi ubepari, wa nne Uislamu kwasababu neno la Kigiriki linaweza kumaanisha kijani. Ni kweli linaweza, Marko 6:39 neno hilohilo ni majani mabichi waliyokalia watu elfu tano. Ila ukimpaka mtu au farasi rangi hiyo ni rangi ya maiti, ndo maana Union Version, Biblia yetu ya Kiswahili, ikaandika "kijivujivu" na aliyempanda anaitwa Mauti. Jina ameshapewa palepale kwenye mstari, wewe unamtafutia dini ya nini?

Haya, mweusi. Huyu ndo amenifanya niandike. Ana mizani mkononi, halafu inasikika sauti: "Kibaba cha ngano kwa nusu rupia, na vibaba vitatu vya shayiri kwa nusu rupia, wala usiyadhuru mafuta wala divai." Kati ya farasi wote wanne huyu peke yake ndo anatembea na bei ya soko, namba kabisa, na hatumhesabii.

Tatizo letu moja ni hiyo "nusu rupia". Rupia huku bara ilitoka mifukoni mwanzoni mwa miaka ya 1920, Zanzibar 1936, kwahiyo leo ukiisoma unaona kama vijisenti tu, unapita. Lakini Kigiriki pale ni dinari, neno lilelile la Mathayo 20 ambako mwenye shamba anapatana na wakulima "kuwapa kutwa dinari". Yaani ni kibarua cha siku nzima juani. Union Version ileile, kule dinari huku nusu rupia, na uzi ukakatika hapo. Na kibaba, ambacho wao walikuwa nacho cha karibu lita moja, mwanahistoria Mgiriki Herodoto alipokadiria chakula cha jeshi la Ahasuero, mfalme wa Uajemi, alihesabu kibaba kimoja cha ngano kwa mtu mmoja kwa siku. Kwahiyo soma upya: umefanya kazi kutwa, umepata shibe ya mtu mmoja. Wewe. Mke na watoto hawajala, kodi haijalipwa. Au unanunua shayiri, vibaba vitatu, mnagawana, chakula ambacho Warumi walikuwa wanampa askari kama adhabu na siku zingine kinaliwa na wanyama.

Ni ghali kiasi gani? Hapa kuna jiwe. Antiokia ya Pisidia, mji uleule Paulo alihubiri kwenye Matendo 13, kulipatikana maandishi ya gavana Lucius Antistius Rusticus ya kama mwaka 92 au 93. Baridi ilikuwa kali mno, nafaka ikapanda, akaamuru kila mwenye akiba aitoe sokoni na asiuze zaidi ya dinari moja kwa modio, kipimo chenye takriban vibaba nane. Kabla ya hapo modio ilikuwa asi (sarafu ndogo ya Roma) nane au tisa, na dinari ilikuwa na asi 16. Piga hesabu: siku za kawaida dinari inakupa vibaba kama 16, siku za njaa, kwa bei ya juu kabisa anayoruhusu gavana, vinane. Kwa farasi mweusi unapata kimoja. Na watu wengi wanakiweka kitabu cha Ufunuo kwenye miaka hiyohiyo ya kaisari Domitian, kwenye eneo la jirani na hapo.

Halafu mafuta na divai. Kipindi hichohicho, kama mwaka 92, mwandishi wa Roma Suetonio anaeleza Domitian aliona divai imezidi na nafaka haitoshi, akaamuru nusu ya mizabibu ya majimboni ing'olewe. Matajiri wa Asia wakaja juu. Akatumwa Roma msemaji mmoja hodari, Scopelian, aliyekuwa anafundisha Smirna, akaitetee mizabibu, na akafanikiwa, amri ikafa. Smirna! Ndo kanisa lile linaloambiwa kwenye sura ya 2 "naijua dhiki yako na umaskini wako". Siwezi kuapa kwamba Yohana alikuwa anaipiga kijembe amri hiyo, kuna wanaokubali na wanaokataa, lakini waweke hao watu wa Smirna wamekaa wanasomewa barua, unga haushikiki, mizabibu ya wakubwa imepona, halafu msomaji anafika kwenye "usiyadhuru mafuta wala divai". Nadhani kuna waliotazamana.

Kambi ya kwanza watasema sawa, hiyo ni picha, utimilifu wenyewe unakuja mbele na utakuwa mkubwa zaidi, unabii unaweza kutimia mara mbili. Sina ugomvi na hilo. Ila basi tusiseme tena farasi wapo zizini, kama ametoka mara moja anaweza kuwa ametoka mara kumi, na 2022 fahirisi ya bei za chakula ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipofika juu kuliko wakati wowote tangu ianze 1990, yule mama anayepimiwa unga kwa kikombe hakuwa anasubiri dhiki ya baadaye.

Wanaponibana ni mstari wa 8, ule wa kuua kwenye robo ya nchi, yaani ya dunia. Watu bilioni nane, robo ni bilioni mbili, hakuna njaa wala tauni ya siku za Yohana iliyokaribia hapo, na ukisema ni lugha ya picha wanakuuliza mbona kibaba umekihesabu mpaka asi ya mwisho halafu robo unaifanya picha. Jibu nililonalo ni kwamba mstari unasema wamepewa mamlaka juu ya robo, hausemi robo ilikufa. Nikimwambia rafiki yangu mmoja mlokole hivyo anacheka tu, na kwa kweli hata mi nikilisema kwa sauti silioni limenyooka.