Kilo za Sangara Zisisubiri Mtandao

Kinachonikera katika programu nyingi za biashara tunazouziwa siku hizi ni kwamba haziwezi kujumlisha hata kilo za sangara bila kwanza kuomba ruhusa kwa seva, yaani kompyuta kuu, iliyoko ng'ambo. Pale mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, mtandao ukikatika alfajiri wakati mitumbwi inashusha mzigo, karani hubaki akitazama kiduara kikizunguka kwenye skrini huku mvuvi akidai hesabu yake, na mwishowe daftari na kalamu ndivyo vinavyookoa biashara. Hesabu yenyewe ni kilo mara bei!

SQLite, programu ya kutunza na kutafuta kumbukumbu iliyotolewa mwaka 2000 na isiyodai ada yoyote, huhifadhi hifadhidata nzima katika faili moja bila kuhitaji seva. Hivyo programu kamili, pamoja na kila inachokitegemea, inaweza kukaa kwenye flashi na kufanya kazi hata kisiwani Ukerewe mtandao ukiwa umelala. Intaneti ikipatikana, itumike kupeleka nakala ofisini. Watengenezaji wa programu, nawaomba sana, acheni kumdai karani nenosiri upya kila mtandao unapoyumba, kwani kumbukumbu za mauzo ni za biashara yake na zinapaswa kufunguka kwenye mashine iliyo mbele yake.