Gari la umeme na uniti zangu 75

Jamani mimi ruzuku ninayoijua ni ya mbolea. Unajiandikisha kijijini, unapewa namba, unaenda kwa wakala unapanga foleni mpaka jua linakutoboa utosi, afu ukirudi na kimfuko chako mke anakuuliza ulikuwa wapi siku nzima. Sasa majuzi shemeji yangu anayeishi Marekani kaja likizo, kajikalia hapa kwangu Nkuhungu, Dodoma, kwenye kiti changu mwenyewe, anakula zabibu ambazo wala sijamkaribisha, ananiambia eti kule kanunua gari la umeme na serikali ikamtolea dola 7,500 kwenye bei. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikashika simu nikapiga hesabu, milioni 18 na chenji! Na hajalima hata tuta moja.

Anavyolielezea hilo punguzo ndo linauma zaidi. Anasema zamani ulikuwa unasubiri mpaka ujaze kodi ya mwaka ndo upunguziwe, na kama kodi unayodaiwa ni ndogo basi na punguzo nalo linasinyaa, ila kuanzia 2024 wakaruhusu muuzaji akukatie hapohapo dukani. Nikauliza je tajiri naye anapewa? Akasema hapana, kuna ukomo, mtu mmoja kipato chake kisizidi dola 150,000 kwa mwaka, wanandoa 300,000. Shemeji hebu ngoja kwanza. Mtu anaingiza zaidi ya milioni 350 kwa mwaka ndo bado anahesabiwa wa kushikwa mkono? Huku ukiwa na hiyo hela unapewa uenyekiti wa kamati za harusi zote za ukoo hadi za watu usiowajua.

Basi nikaanza kutamani, maana kigari changu cha petroli kilipoingia nchini kilipigwa ushuru wa forodha asilimia 25, kikapigwa na wa uchakavu, VAT ikapanda juu ya hapo, yaani nimenunua gari moja nimelipia mawili na ninaloendesha ni nusu. Nikasema hata mimi nitatafuta haya madogo yaliyotumika kutoka Japani, Nissan Leaf za mwanzo, betri yake uniti 24 tu.

Kosa langu niliongea kwa sauti.

Kwangu hapa LUKU ina mwenyewe na mwenyewe sio mimi. Sisi ni wale wa uniti 75 kwa mwezi, uniti moja shilingi 100 kabla ya makato, ukivuka tu hapo kila ya ziada ni 350, kwa hiyo pasi inapigwa Jumapili peke yake, friji linazimwa usiku "lipumzike", na mtoto akifungua mlango wa hilo friji akaanza kuwaza anachotaka anaitwa majina yake yote matatu. Mama watoto akatoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. "Hilo gari linakula uniti ngapi?" Nikasema 24 likijaa. "Kwa mwezi?" Nikajifanya nakohoa. Shemeji, na umbea wake wote wa ng'ambo, akamjibu, kwa mara moja dada. Akakaa kimya kidogo akihesabu kwa vidole, ugali unaganda kwenye mwiko. "Ukijaza mara tatu ni 72. Zinabaki tatu. Watoto wasomee taa za gari?"

Na hapo hata sijafikiria safari. Kwa mama mkwe Manyoni ni kilometa mia na ishirini na kitu, kile kibetri kilichochoka kingeniachia Kintinku, nianze kubisha hodi nyumba za watu, samahani mama naomba soketi.

Nikamuuliza shemeji, kwani hilo punguzo bado lipo? Akacheka. Wameshalifuta, gari lililonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba 2025 halina kitu. Yaani nimelisikia leo, nimelipenda leo, nimefiwa nalo leo! Afu akaona kama ananifariji, akaniambia afadhali hao, Wajerumani Desemba 2023 walitangaza Jumamosi kwamba ruzuku mwisho Jumapili usiku. Hata kikoba cha mtaani kinakupa wiki ya kujitetea. Norway ndo siwaelewi kabisa, wanauza mafuta kwa dunia nzima ila wenyewe mwaka 2024 karibu magari tisa katika kila kumi mapya waliyonunua ni ya umeme, miaka na miaka hawakuyatoza VAT kabisa, walipoanza 2023 wakagusa tu kile kinachozidi kroni 500,000. Ni sawa na mama wa kilabu anayewapimia wote na yeye anakunywa maji.

Jana ndo alikuwa anaondoka, kakata tiketi ya SGR, treni ya umeme, lazima aniumize mpaka mwisho. Nikampeleka stesheni na kigari changu, na hata lami hatujaiona kikakohoa mara mbili kikazima. Nikamwambia shuka usukume. Akakunja mikono ya shati lake jeupe, vumbi la Nkuhungu likampokea vizuri kabisa, anasukuma huku anahema ananiambia unajua shemeji langu hata sauti halina.

Nikamwambia we sukuma kwanza.