Injini kubwa haikati kona

Vijana wenye magari madogo ya autokrosi huniuliza swali lile lile: niweke injini gani? Hawaulizi kama waweke. Hilo walishaliamua usiku mmoja wakitazama video ya Miata, yaani Mazda MX-5, yenye V8 (injini ya silinda nane) ikifuka moshi wa matairi. Jibu langu huwaudhi: usiweke, bado.

Autokrosi si mbio za barabara ndefu. Ni uwanja tambarare, koni zimepangwa, magari yanaingia moja moja, saa inahesabu. Mara nyingi mzunguko mzima hauzidi dakika moja, na karibu wote unaisha ukiwa gia ya pili. Kwa kanuni za SCCA, klabu ya michezo ya magari ya Marekani, koni moja ukiiangusha unaongezewa sekunde 2, na watu hushindana kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Sasa kaa chini ujiulize ni wapi hasa ulikanyaga mafuta mpaka mwisho. Ni vipande vifupi vya kati ya kona na kona. Kwingine kote ulikuwa unafunga breki, unakata usukani, au unasubiri gari litulie. Injini inakusaidia kwenye vipande hivyo tu. Uzito unakudai kila mahali.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989, ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi kama 115, na gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 950 hivi. Kila farasi anavuta kilo 8 na kidogo. Toa kilo 90, kwa uwiano huo ni kama umeongeza farasi 12 bila kugusa bolti ya injini. Tofauti ni kwamba farasi 12 wa kweli hawakusaidii kufunga breki wala kukata kona, ila kilo 90 zilizotoka zinakusaidia kote. Tairi nalo lina ubahili wake: ukilizidishia mzigo linashika zaidi, lakini si kwa kiwango kile kile cha mzigo ulioongeza. Gari zito kona linaipata kwa shida hata likivaa tairi zile zile.

Mashabiki wa V8 watasema LS, V8 ya General Motors, ikiwa ya alumini si nzito kama watu wanavyodhani. Ikiwa tupu juu ya stendi, sawa. Lakini inakuja na ukoo wake: giaboksi kubwa, difu ya kuhimili ule msukumo, rejeta pana, ekzosi mbili. Na sehemu kubwa ya mzigo huo inakaa mbele, ambako gari jepesi halikutaka kuguswa.

Mimi mwenyewe sikusikia nilipoambiwa. Niliweka injini yenye nguvu kuliko ya awali, nikashughulikia waya, mauntini (vishikilio vya injini) na kompyuta, ila sampu, bakuli la oili chini ya injini, nikaiacha kama ilivyokuja. Kwenye kona ndefu ya kushoto, oili yote ikakimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa. Taa ya presha iliwaka kidogo tu, nikaipuuza. Mizunguko minne baadaye, beringi zikaanza kugonga. Vizuizi vya bati ndani ya sampu, vya kuizuia oili isihame, vingegharimu sehemu ndogo sana ya nilichopoteza.

Tena nguvu yenyewe inapatikana injini ikizunguka kwa kasi gani? Lotus Elise, gari dogo la michezo, ya kizazi cha kwanza, ya 1996, ilikuwa na injini ya Rover K ya farasi 118 hivi, na gari lilikuwa na kilo kama 725. Baadaye Lotus wakaleta ile ya Toyota, 2ZZ, yenye farasi wapatao 190. Kwenye karatasi hakuna ubishi. Ila 2ZZ huamka baada ya mizunguko 6,000 na ushei kwa dakika. Ukitoka kona polepole katika gia ya pili, unasubiri. Turbo kubwa ni shida hiyo hiyo kwa jina jingine: inafika wakati koni imeshafika. Nikilazimishwa kuchagua nitaitaja injini ya Honda, K20. Ni ya alumini, na inapanda mizunguko bila manung'uniko. Ndani ya Elise inalala kwa upana kama ile iliyotolewa. Ndani ya MX-5, ambayo injini yake hukaa kwa urefu, jiandae kutafuta sampu nyingine na namna ya kuiunga na giaboksi.

Na usisahau daraja la mashindano. Ukibadilisha injini unaweza kuhamishiwa kundi la magari yaliyobadilishwa sana, na wenye nayo hawana huruma.

Mpangilio wangu sasa ni matairi kwanza, shokomzoba, kisha difu ya kuzuia tairi la ndani lisizunguke bure. Nimerudisha injini yangu ya zamani, ya lita 1.6. Ninachobishana nacho sasa ni uwiano wa meno ya difu: nikiufupisha gari linachomoka vizuri, lakini gia ya pili inaisha mapema na nalazimika kwenda ya tatu katikati ya koni. Wiki hii nimeufupisha. Huenda wiki ijayo nikaurudisha.