Ini na tishu unganishi: tupime kila kitu au tuulize kwanza?

Kinga ya mwili ikishaanza kushambulia ini, mara nyingi haiishii hapo. Wenye PBC, ugonjwa unaoharibu mirija midogo ya nyongo ndani ya ini, mara nyingi huwa pia na ukavu wa macho na mdomo wa ugonjwa wa Sjögren. Wachache hupata skleroderma, ngozi ikakakamaa kuanzia vidoleni. Homa ya ini itokanayo na kinga yenyewe nayo huweza kuandamana na Sjögren, baridi yabisi au lupasi, ambapo kinga hushambulia sehemu nyingi za mwili. Sjögren, skleroderma, baridi yabisi na lupasi huitwa magonjwa ya tishu unganishi, yaani tishu zinazoshikanisha sehemu za mwili. Je, kila mwenye ugonjwa wa ini wa aina hii apimwe na wa tishu unganishi, na kinyume chake?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito, kwani ini huumia kimyakimya. Takriban theluthi moja ya wenye homa ya ini ya kinga hukutwa tayari na sirosisi, yaani makovu yaliyoenea kwenye ini, siku wanapogunduliwa. PBC inaweza kukaa miaka bila kuonyesha zaidi ya uchovu, na mwenye lupasi uchovu ameshauzoea. Hata daktari wake ameshaupatia sababu. Na dawa ya PBC ipo: asidi ya ursodeoksikoliki, miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, huchelewesha madhara ikianzwa mapema.

Wanaopinga wanakitilia shaka kipimo chenyewe, na mimi naegemea kwao. ANA, kingamwili zinazolenga viini vya seli, katika kiwango cha 1:40 (bado zinaonekana sampuli ya damu ikizimuliwa mara 40) huonekana kwa watu karibu 3 kati ya 10 walio wazima kabisa. Hata kwenye 1:160 bado ni 1 kati ya 20. Mwenye homa ya ini ya kinga mara nyingi anazo tayari, maana ni mojawapo ya alama za ugonjwa wake. Kumwambia ana lupasi kwa jibu hilo peke yake ni kumtwisha ugonjwa asio nao. Kosa la namna hii hutokea upande wa pili pia: misuli ikivimba kwa mayositisi, AST na ALT, vimeng'enya vinavyopimwa kuchunguza ini, hupanda ilhali ini ni zima. Inafaa kupima CK, kimeng'enya cha misuli, kabla ya kumchoma mtu sindano ya kutoa kipande cha ini.

Lakini kungoja mgonjwa alalamike mwenyewe hakutoshi. Mwenye ugonjwa wa ini aulizwe waziwazi: unaweza kumeza mkate mkavu bila maji? Vidole hugeuka vyeupe kisha bluu ukipatwa na baridi? Kwa mwenye ugonjwa wa tishu unganishi, vipimo vya kawaida vya ini vifanywe mara kwa mara. ALP, kimeng'enya kinachopanda mirija ya nyongo ikiumia, ikibaki juu bila maelezo, hapo AMA, kingamwili zinazolenga mitokondria za seli, zipimwe bila kuchelewa, kwa kuwa zinapatikana kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa PBC.

Magonjwa yote mawili yakithibitika, ugumu unahamia kwenye dawa. Azathioprini, dawa ya kutuliza kinga, inaweza kusaidia lupasi na homa ya ini ya kinga kwa pamoja. Methotreksati, inayotegemewa sana kwa baridi yabisi, inaweza kuliumiza ini lililokwisha kuchoka. Kwa hiyo daktari wa viungo na daktari wa ini wazungumze kabla cheti cha dawa hakijaandikwa.