Chuo ukiwa na miaka 16: bure yenye masharti

Kila muhula, mwanafunzi wa sekondari jimboni Washington anayesoma chuoni kupitia mpango wa Running Start anatakiwa kupeleka fomu. Mshauri wa shule anaonyesha mzigo wa masomo anaoruhusiwa kuchukua, mwanafunzi anasaini, na kama hajafikisha miaka 18, mzazi naye anasaini. Kwa familia za Kikongo na nyingine zinazozungumza Kiswahili zilizofika Marekani kama wakimbizi, ukishasikia kwamba ada ya chuo haidaiwi, nani atakataa kusaini? Nami naona wasaini. Ila ada ndiyo sehemu ndogo ya hesabu yenyewe.

Mpango huo ulitungiwa sheria mwaka 1990, miaka mitano baada ya Minnesota kuanzisha wa kwake. Kijana wa darasa la 11 au la 12 anabaki mwanafunzi wa sekondari, lakini baadhi ya masomo, au yote, anayasoma katika chuo cha jamii, yaani vile vyuo vya umma ambavyo shahada yake kuu ni ya miaka miwili. Krediti ni kipimo cha uzito wa kozi; krediti 5 za chuo huhesabiwa kuwa krediti 1 ya sekondari, hivyo kozi moja inaingia kwenye rekodi mbili. Akifikisha krediti 90 zilizopangwa vizuri, anaweza kuhitimu sekondari na kupata shahada ya miaka miwili kwa wakati mmoja. Majimbo mengine yana taratibu zao. Ule wa Ohio unaruhusu hata darasa la 7. Kwa nchi nzima, mwaka wa masomo 2022/23, karibu wanafunzi milioni 2.5 wa sekondari walisoma angalau kozi moja ya chuo.

Watetezi wa mipango hii hutanguliza pesa, na hawakosei. Lakini hoja yao yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni namna ya kupima. Njia nyingine maarufu ya kupata krediti mapema ni masomo ya AP (Advanced Placement), yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa hukohuko sekondari: unasoma mwaka mzima, kisha mtihani mmoja wa mwezi Mei unakupa alama kati ya 1 na 5, na vyuo vingi havitazami chini ya 3. Chuoni, alama hujengwa kidogo kidogo kwa insha, majaribio na kazi za wiki. Kijana ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne anapata nafasi ya kuandika rasimu, kwenda kumwona mwalimu ofisini, na kuandika upya. Zaidi ya hapo, asiye na mtu nyumbani aliyewahi kusoma chuo Marekani anajifunza mapema jinsi mahali pale panavyoendeshwa: kwamba tarehe za kukusanya kazi zimeandikwa tangu siku ya kwanza na hakuna atakayemkumbusha.

Na hiyo bure yenyewe? Ada ya masomo inalipiwa, lakini vitabu na michango mingine ni juu ya familia, ingawa wa kipato cha chini hupata nafuu. Baadhi ya kozi za hesabu hudai msimbo wa kuingilia tovuti ya mazoezi, na msimbo huo ni wa mtu mmoja. Huwezi kurithi wa kaka yako kama unavyorithi kitabu. Basi la shule aghalabu halifiki chuoni. Mama aliyetoka kazini alfajiri ndiye atakayewasha gari.

Jambo zito zaidi ni rekodi. Alama za chuo hazifutiki kwa sababu aliyezipata alikuwa na miaka 16. Akiacha kozi katikati, kwa kawaida herufi W, yaani alijiondoa, inabaki kwenye transkripti, ile orodha rasmi ya alama zake. Akifeli na baadaye akaendelea katika chuo hichohicho, matokeo hayo huingia katika kipimo cha kustahili msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho: kwa kawaida GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.0 na kukamilisha takriban theluthi mbili ya krediti ulizojisajili. Mtoto anaweza kuanza chuo rasmi tayari yuko chini ya uangalizi wa msaada huo.

Hapo ndipo mazoea yetu yanapogonga mwamba. Mzazi wa Kiswahili amezoea kwenda shuleni kumwona mwalimu na kuuliza mtoto anaendeleaje. Chini ya FERPA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu faragha ya rekodi za elimu, haki juu ya rekodi za chuo ni za mwanafunzi mwenyewe, hata kama bado ni mtoto kisheria. Mhadhiri anaweza kukataa kabisa kuzungumza nawe. Afadhali mtoto aonyeshe alama zake mwenyewe kila wiki, na hilo mkubaliane kabla ya kusaini.

Kisha kuna kuhamisha krediti. Vyuo vikuu vya umma vya Washington vina makubaliano ya kupokea ile shahada ya krediti 90, na mwombaji aliyeipata akiwa sekondari bado huombea Chuo Kikuu cha Washington kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lakini vyuo vya binafsi vyenye ushindani mkali mara nyingi hukataa krediti zilizotumika pia kuhitimu sekondari. Na anayetaka uhandisi akijaza krediti 90 za masomo mchanganyiko, atafika chuo kikuu akiitwa wa mwaka wa tatu kwa makaratasi huku bado anadaiwa kalkulasi na fizikia za mwanzo.

Walimu wa sekondari nao hulalamika kwamba wanafunzi wao bora wanaondoka na fedha zinawafuata. Malalamiko hayo yana ukweli, hasa kwa shule ndogo za vijijini, ila sioni kwa nini mtoto abaki darasani ili kulinda bajeti ya wilaya.

Ningeshauri kozi moja muhula wa kwanza, tena iliyochaguliwa kwa kutazama masharti ya shahada anayoilenga, si ratiba iliyo rahisi. Asiyejua bado anataka nini achukue uandishi wa Kiingereza, maana karibu kila shahada inaudai. Kwa aliyefika Marekani juzi tu, hata kozi hiyo ya uandishi ingoje. Aanze na hesabu.